Mzigo uliopungua njiani

PSP ya mtoto wa kaka yangu, ile konsoli ndogo ya kuchezea gemu mkononi, ilikufa katikati ya Ramadhani. Betri ilivimba kama andazi hadi kifuniko cha nyuma kikakataa kufunga. Mjomba wake alikuwa amemletea kutoka Maskati ikiwa imeshatumika, ile ya kwanza, nene, pamoja na diski nne za gemu, za UMD, ndani ya kipochi cha zipu. Sony walishaiacha tangu 2014, na betri za kubahatisha sikutaka zichajiwe chumba anacholala mtoto. Nikamwambia asubiri, shangazi yake atamtafutia njia. Mimi nina kiduka Langoni, Lamu: nachapa barua, napiga fotokopi, natia programu kwenye laptopu za watu. Nikaona jambo hili ni la jioni moja.

Nilichokusudia ni PPSSPP, emuleta ya PSP. Kwa asiyejua, emuleta ni programu inayoigiza konsoli ndani ya kompyuta au simu, na gemu ikiwashwa hudhani iko kwenye kifaa chake cha asili. PSP ilitumia prosesa ya aina ya MIPS, laptopu zetu zinatumia lugha nyingine kabisa, kwa hiyo PPSSPP inakaa katikati kama mkalimani, inatafsiri amri moja baada ya nyingine gemu ikiendelea kuchezwa. Aliyeianzisha ni Henrik Rydgård, mtu wa Uswidi, ambaye pia alikuwa miongoni mwa walioanzisha Dolphin, emuleta ya GameCube na Wii. PPSSPP ilitoka Novemba 2012, iko chini ya leseni ya GPL, na msimbo wake wote uko wazi kwa anayeutaka.

Ya Windows unaipakua imeshaiva, unabofya, yamekwisha. Basi mbona nikajitafutia kazi ya kuikompaili mwenyewe, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa? Sababu zilikuwa mbili. Laptopu ya dukani ni ya Linux, na njia rahisi, ya Flatpak, ilitaka kuteremsha mamia ya megabaiti ya vitu vya msingi kabla haijagusa PPSSPP yenyewe. Na mtoto alikuwa na ombi: menyu iwe ya Kiswahili, ili mdogo wake wa miaka saba naye aweze kujiwashia bila kuita mtu.

“Shangazi, yawezekana?”

“Ukiwa na msimbo, baba, unabadilisha utakacho.”

Nilisema kwa kujiamini sana. Tutarudi kwenye kauli hiyo.

Kabla sijaendelea, nijibu swali ambalo huulizwa kila mara na wazee wakiona gemu kwenye kompyuta: je, si wizi huu? Emuleta yenyewe si wizi. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliwapa haki kampuni ya Connectix katika kesi waliyoshtakiwa na Sony, ikasema kunakili programu ya ndani ya konsoli ili kuichunguza na kutengeneza emuleta ni matumizi halali. PPSSPP hata haihitaji programu hiyo ya ndani, kazi zake imeziandika upya yenyewe. Gemu ndizo zenye mwenyewe. Za kijana zilitoka kwenye diski zake nne, PSP ikiwa bado inawaka kwa waya wa chaji, na hapo nikatosheka.

Sasa safari.

Jaribio la kwanza nililifanya dukani kwa intaneti ya simu. Niliandika `git clone`, amri ya kuteremsha msimbo wote wa mradi, nikaona asilimia zinapanda, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, mtandao ulikatika njiani na maneno mekundu yamejaa: `early EOF`. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba git haina kumbukumbu ya clone iliyokatika. Haianzii ilipoachia. Inafuta folda yote kama vile hukuwahi kuanza, na bando lako limeshakwenda na maji. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu ilifika asilimia tisini na moja.

Baadaye nilijifunza kuongeza `--depth 1`, ambayo huleta hali ya leo ya msimbo bila historia yake ya miaka yote, na mzigo hupungua kweli kweli. Lakini siku ile sikujua, na nilikuwa na safari ya Malindi kwa dada yangu, ambaye ofisini kwao kuna intaneti ya waya. Nikafika, nikafungua ukurasa wa mradi, nikaona kitufe cha kupakua ZIP. Nikakibonyeza. Dakika chache tu, faili liko kwenye flashi, flashi iko kwenye pochi. Nilijiona mjanja sana ndani ya lile basi. Garsen, Witu, Mokowe, boti, na jioni niko Langoni na mzigo wangu.

Nilifungua ZIP, nikaita `cmake`, programu inayoandaa msimbo kabla haujakompailiwa, na hili ndilo lililonijibu, nalikumbuka kwa moyo: folda `ext/glslang` haina faili la `CMakeLists.txt`.

Nikaifungua folda hiyo. Tupu. Nikafungua `ext/SPIRV-Cross`. Tupu. `ext/armips`, tupu. Folda zipo, majina yapo, ndani hamna kitu, kama vile vikapu vilivyofika bandarini samaki wameshatolewa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo laiti mtu angeniambia mapema. Mradi mkubwa kama huu haujabeba kila kitu mwenyewe. Kazi nyingine imeazimwa kutoka miradi mingine: glslang inashughulikia programu ndogo za kadi ya michoro, FFmpeg inashughulikia video na sauti. Ndani ya git hivi huitwa submoduli, na mradi mkuu hauhifadhi msimbo wao. Unahifadhi anwani tu, pamoja na alama ya toleo hasa linalotakiwa. Ukibonyeza ZIP, unapewa mradi mkuu peke yake. Msimbo wa submoduli unabaki kwenye seva, wewe unapewa folda tupu. Na huwezi kusema basi nitaziagiza zilizobaki kwa `git submodule update --init --recursive`, kwa sababu ndani ya ZIP hamna folda ya `.git`, na git bila folda hiyo haijui hata uko mradi gani. Nilijaribu kuziteremsha moja moja kwa mkono. Nilipata glslang ya siku hiyo, si ile iliyoandikwa kwenye alama, nayo ikagombana na zilizobaki. Usipite njia hiyo.

Nikampigia dada. Alikuwa anafuturu.

“Dada, niko chini ya miguu yako.”

“Umeanza tena na hiyo gemu yako.”

Nikamtumia mstari mmoja tu wa kunakili: `git clone --depth 1 --recurse-submodules --shallow-submodules`, na anwani ya mradi mwishoni. Kesho yake akauendesha ofisini, halafu, kwa maelekezo yangu, akafunga folda zote kuwa faili moja la tar. Hilo la tar nililisisitiza kwa sababu flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT, na FAT haijui ruhusa za Linux. Faili lililokuwa na ruhusa ya kuendeshwa likipita humo laweza kufika bila ruhusa hiyo. Ndani ya tar kila kitu kinakaa kama kilivyofungwa. Flashi ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikaandikwa jina langu, akapewa utingo wa basi. Siku ya pili nikaipokea Mokowe. Ilikuwa imefungwa kwa gundi ya karatasi mara nne, dada yangu hamwamini mtu.

Mzigo ulifika mzima. Folda zote zimejaa. Niliona raha ambayo haielezeki kwa mtu asiyewahi kufungua folda tupu.

Matatizo yaliyofuata yalikuwa ya nyumbani. La kwanza dogo: `cmake` ikasema haioni SDL2, maktaba inayoshughulikia dirisha, sauti na vidhibiti. Nikajua ninayo, kwa sababu kuna gemu nyingine ya kwenye laptopu ileile inayoitumia. Kumbe kwenye Ubuntu, Linux niliyo nayo, maktaba hugawanywa vipande viwili. Kipande kimoja ni cha kuendeshea programu iliyokwisha kutengenezwa. Kingine, chenye `-dev` mwishoni mwa jina, kina faili ambazo kompaila huzisoma ili ijue maktaba ina nini ndani. Ni sawa na kuwa na biriani kwenye sahani na kuwa na mtu wa kukueleza imepikwaje. Nilitia `libsdl2-dev`, `libgl1-mesa-dev`, `build-essential` kwa bando la shilingi ishirini, na mlango ukafunguka.

La pili lilikuwa kubwa. Mradi unakuja na skripti ya `b.sh` inayofanya yote. Nikaiendesha, feni ikaanza kulia, asilimia zikapanda vizuri, halafu laptopu ikaganda. Kishale hakitembei. Baada ya dakika nyingi ikarudi na ujumbe wa ajabu: `Killed signal terminated program cc1plus`. Nikadhani msimbo una kasoro. Nikaendesha tena, ikafia faili jingine kabisa. Hapo nikashtuka, maana kasoro ya msimbo haihamihami. Kosa likitokea mahali pamoja kila mara, tazama msimbo. Likitokea huku na huko, tazama mashine.

Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti mbili. Skripti ilikuwa inakompaili faili kadhaa kwa pamoja, moja kwa kila kiini cha prosesa, na kila moja inakula mamia ya megabaiti. RAM ikiisha, Linux huchagua mchakato mmoja ikaua, ili yenyewe isife. Dawa yake: nilitenga faili la gigabaiti nne kwenye diski liwe RAM ya akiba, kwa `fallocate`, `mkswap` na `swapon`, kisha nikaiacha `b.sh`, nikaingia mwenyewe kwenye folda ya `build` na kuandika `make -j1`. Faili moja moja, polepole. Nilicheka peke yangu nilipofikiria kwamba PSP yenyewe, ile nene, ilikuwa na RAM ya megabaiti 32 na prosesa ya megahezi 333. Kuitengeneza picha yake tu kunataka mashine yenye RAM mara sitini na zaidi, na bado inapumua kwa taabu.

Nililiinua lile lilaptopu juu ya makopo mawili ya maziwa ya unga ili hewa ipite chini, nikalianzisha baada ya isha, nikalala palepale kwenye mkeka. Saa sita usiku niliamka, liko asilimia hamsini na nane. Dakika kumi baadaye stima ikapotea mtaa mzima. Betri ya laptopu ni ya jina tu, ikazimika papo hapo.

Sikuhuzunika sana. Nilikuwa nimesoma kwamba `make` ina akili: ukirudi, inatazama kipi kimeshakompailiwa na kuendelea na vilivyobaki. Asubuhi stima iliporudi nikaandika `make -j1` na kusubiri ianzie hamsini na nane.

Ilianzia sifuri.

Nikaiacha ifanye kazi, nikafungua duka, nikahudumia watu. Adhuhuri stima ikakatika tena. Kurudi, sifuri tena. Siku ya tatu vilevile. Nikaanza kuitukana `make` kwa maneno ambayo sitayaandika, na mwezi ule si wa kutukana.

Siku ya nne ndipo niliposoma kile ambacho kilikuwa kinaandikwa mbele ya macho yangu siku zote, mstari mmoja juu kabisa kabla asilimia hazijaanza: `Clock skew detected. Your build may be incomplete.` Nilikuwa naupita kwa sababu umeandikwa ni onyo, na mimi natafuta kosa.

Saa ilikuwa imepotea. `make` haina akili kubwa kama nilivyodhani. Inalinganisha tarehe tu. Faili la msimbo likiwa jipya kuliko tokeo lake, basi tokeo limepitwa na wakati, likompailiwe upya. Sasa laptopu yangu ina betri ndogo ya ndani, ya duara kama sarafu, inayoshika saa umeme ukiwa haupo. Ilikuwa imekufa. Kila stima ilipokatika, saa ya ndani ilirudi 2010. Linux nayo, ikiona upuuzi huo, ilijisogeza mbele hadi tarehe ya zamani iliyokuwa imejiwekea, na mimi intaneti nilikuwa nimeizima kuokoa bando. Tarehe hiyo ilikuwa wiki tatu nyuma. Msimbo wa dada ulikuwa na tarehe ya juzi. Kwa hiyo kila tokeo nililolipata kwa jasho la usiku lilizaliwa likiwa na umri wa wiki tatu, kuukuu kuliko msimbo uliolizaa, na `make` kwa uaminifu wake wote ikawa inalitupa na kuanza upya.

Nilichukua laptopu hadi kwa fundi wa saa, mzee mmoja ana kimeza nyuma ya soko.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba. Ndoo uketi. Saa ya nani?”

“Si saa, ami. Ni kompyuta, lakini ugonjwa wake ni wa saa.”

Akaipindua, akafungua skrubu saba na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele, kila skrubu mahali pake kama ilivyotoka. Betri ilikuwa CR2032, ileile ya rimoti na mizani, ila imeunganishwa kwa nyaya mbili nyembamba na kufunikwa plastiki nyeusi. Kwenye mguu mmoja wa nyaya kulikuwa na ukungu wa kijani.

“Betri hini imekufa kitambo. Na chumvi imekula hapa, waona? Mui wetu huu hauachi kitu.”

Akasugua kwa mswaki uliochovywa spiriti, akachomea betri mpya, akapuliza. Alinitoza bei ya betri tu. Nilipomweleza kwamba siku nne zangu zilimezwa na kile kisarafu hakushangaa hata kidogo, alisema watu humletea saa wakilalamika kwamba inapotea wakati, kumbe ni wao waliosahau kuitia ufunguo.

Nikarekebisha tarehe, nikaanza tena. Stima ikakatika mara moja katikati. Nilipoirudisha, `make` ikaruka faili zote za nyuma kwa sekunde chache na kuendelea ilipoachia. Saa kumi alfajiri, watu wakila daku, dirisha la PPSSPP likafunguka kwenye kioo changu. Nilikuwa na uji mkononi.

Hapo nikajidanganya kwamba nimeshajua.

Kaka yangu akataka na yeye yake, laptopu yake ni Windows. Nikamwambia apakue iliyo tayari, kijana akakataa, alitaka “ile aliyotengeneza shangazi”. Nani angekataa sifa hiyo. Baada ya Idi nikaenda nayo Malindi, kwa sababu Visual Studio, zana ya kukompailia ya Windows, ijapokuwa toleo la Community ni la bure, sehemu yake ya C++, lugha iliyoandikiwa PPSSPP, peke yake ni gigabaiti kadhaa. Ilinichukua mchana mzima wa intaneti ya dada, na jicho lake baya. Lakini kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko Linux: unafungua folda ya `Windows`, unabofya `PPSSPP.sln`, unabonyeza kujenga. Haikulalamika hata mara moja. Nikarudi Lamu nimetuna.

Kijana akaiwasha gemu ya magari. Akacheza dakika moja. Akaweka chini.

“Shangazi, hii inakwenda kama punda aliyebeba mchanga.”

Kweli. Magari yalikuwa yanavuta hatua kwa hatua, sauti inakatika kama redio ya mbali. Kompyuta ya kaka ina nguvu mara tatu ya yangu. Niliumiza kichwa siku mbili, nikabadilisha mipangilio ya michoro yote, hadi nikakiona kisanduku kidogo juu ya Visual Studio kilichoandikwa `Debug`. Nilikompaili toleo la mafundi, ambalo kompaila huliacha bila kulinoa, na hubeba ukaguzi mwingi ndani yake ili mtaalamu aweze kulifuatilia mstari kwa mstari. Nikachagua `Release`, nikajenga upya, na yale magari yakapita kama boti za kasi za kwenda Shela. Linux ilikuwa imenipa lililonolewa bila mimi kuuliza, ndiyo maana sikujua kwamba kuna swali.

Kwenye Windows hiyohiyo nilifanya na ujinga mwingine mdogo. Nikamwandikia rafiki skripti fupi ya `jenga.sh` kwa Notepad, nikampelekea kwenye Linux yake, ikakataa: `/bin/bash^M: bad interpreter`. Hizo alama mbili, kishale na M, ndizo siri yote. Windows humaliza kila mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, Linux kwa moja, na ile ya ziada ikamfanya Linux amtafute bash, mwendeshaji wa skripti, mwenye mkia ambaye hayupo duniani. Ukiifungua skripti kwa macho huoni kasoro yoyote. Programu ya `dos2unix`, inayoziondoa herufi hizo, ikamaliza.

Ya Mac nitaieleza kwa ufupi kwa sababu haikuwa yangu. Binamu anayeishi Uingereza alikuja kwa Maulidi na MacBook yenye chipu ya M1. Tukatia zana za Apple kwa `xcode-select --install`, tukaendesha `b.sh`, na kwa mwendo wa mashine ile, mimi niliyezoea kulala na asilimia, nilihisi kama natazama mtu mwingine akila. Mwishoni ikashindwa, makosa mengi yanayosema kuna majina hayapatikani kwa `arm64`, yaani aina ya chipu hiyo mpya. Yeye akaanza kuyatafuta yale majina moja moja. Mimi, kwa mara ya kwanza katika mambo haya, nikajua la kufanya: nikapanda juu, juu, hadi kwenye onyo la kwanza kabisa. Lilisema linaipuuza SDL2 iliyoko `/usr/local` kwa sababu ilitengenezwa kwa `x86_64`, aina ya chipu za Intel. Alikuwa amehamisha vitu vyake vyote kutoka Mac yake ya zamani ya Intel, na Homebrew ya zamani, programu ya kutilia maktaba kwenye Mac, ikaja nayo kama kunguni ndani ya godoro. Homebrew ya chipu mpya hukaa `/opt/homebrew`. Tukatia mpya, tukaifuta folda ya `build` ili CMake isikumbuke njia za zamani, tukaanza upya. Chai haikupoa.

Tangu siku ile sifanyi `make` bila kuipitisha kwenye faili, `make 2>&1 | tee kumbukumbu.txt`, halafu natafuta neno `error` la kwanza, si la mwisho. Mstari wa mwisho siku zote ni `Error 2`, nao haukuambii lolote ila kwamba kuna aliyekufa huko juu.

Imebaki ile ahadi ya menyu.

Nilimketisha kijana dukani Ijumaa moja jioni, msimbo umefunguliwa, tutafute mahali pa kubadilisha maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwa C++. Nikatafuta maneno ya kwenye menyu kwa `grep`, nikaletwa kwenye folda ya `assets/lang`. Ndani yake mna mafaili ya `.ini`, moja kwa kila lugha. Nikafungua la Kiingereza. Ni maandishi matupu. Upande wa kushoto neno la programu, alama ya sawasawa, upande wa kulia neno litakaloonekana kwenye kioo. Halikompailiwi. Linasomwa tu programu inapowashwa, na folda hiyohiyo imo pia ndani ya ile iliyo tayari ya Windows, ile ambayo kaka angeipakua kwa dakika tano.

Nilikaa kimya kidogo. Kijana alikuwa ameshanisogeza.

“Nipe mimi, shangazi.”

Akaandika mwenyewe, vidole viwili, ulimi nje. `Continue` akaiandika “Endelea”. `Exit to menu` ikawa “Toka nje”. Alipofika `Save State`, ile ya kuhifadhi gemu palepale ulipoishia ili uirudie kesho, akafikiri sana. Mimi nilikuwa tayari na “Hifadhi hali”, ambayo ndiyo ningeiweka kwenye karatasi. Akaandika “Weka kiporo”. Na `Load State` ikawa “Pasha kiporo”.

Nilitaka kumsahihisha. Mdogo wake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu anamenya chungwa, akasoma kwenye kioo kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akabonyeza bila kuuliza mtu.